Siku Vocha Zilipokwenda Tanga

Jamani, mpaka leo nikimwona mzazi wa ile shule hapa ughaibuni, Al Nahda, nainamia mkoba kama natafuta funguo, maana aibu niliyoipata wakati wa korona haijanitoka usoni, na nawasimulia nyinyi kwa kuwa tu mmening'ang'ania.

Nilikuwa mpishi msaidizi wa shule (yule mgawa chakula, watoto wote nawaita "wanangu"), shule ikafungwa, wazazi wengi kazi zao zikasimama, basi ikaamuliwa kila familia ipewe vocha, unakwenda nayo supamaketi unachukua chakula cha watoto bure. Madam mkuu akanipigia: "Tafadhali, waambie wazazi wa Kiswahili kwenye grupu, ujumbe wa Kiingereza wengine hawausomi. Vocha ziko getini, mwisho leo alasiri." Nikasema khalas, hiyo kazi ndogo.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku yangu ya kuwatumia sauti wanangu wa kuwazaa, wawili, wako Tanga kwa mama yangu, ndege zimezuiwa, sijawashika tangu yule mdogo hajang'oa hata jino. Tulikuwa na mchezo wetu, najifanya wako njiani wanakuja. Nikaona nizirekodi sauti zote mbili kwa mpigo, mwiko mkono huu, simu mkono huu, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ile ya wanangu nilisema, "Wanangu, njooni, pilau imeiva. Mwambieni dereva Al Nahda, jengo la kijani nyuma ya duka la dawa. Msichelewe, nimechoka kula peke yangu," na mwishoni sauti ikanikatika (kile kilio cha kuvuta kamasi, mnakijua). Nikatuma zote mbili, nikaweka simu kwenye chaji, nikaingia kuoga.

Natoka, simu inaita, mlinzi wetu Okello, Mganda mpole: "Madam, shuka! Watu wamejaa hapa na mabakuli, wanasema umewaita kula. Polisi wakipita, mimi nimekwisha!"

Nikashuka na dera lililolowa mgongo, barakoa nimeivaa ndani nje, nikakuta grupu zima na watoto wao. Mkenya mmoja, baba wa mapacha, akasema, "Aunti, si ulisema wanangu njooni? Hawa wakaniambia huyo ni Aunti wa lanchi, lazima twende." Nilitamani lami inimeze. Nikapaza sauti, "Nisameheni, ile ilikuwa ya wanangu wa Tanga! Vocha ziko getini shuleni, mwisho alasiri, yalla, wahini!" Wakatimka, wengine wanacheka, mapacha wananipungia bakuli tupu.

Akabaki Bi Zuwena, Mzanzibari mkaazi wa zamani, mjukuu wake anasoma pale, kakumbatia mkate wa kumimina ndani ya kitambaa.

"Shikamoo Bi Zuwena, vocha!"

"Marahaba. Vocha atafata mkwe wangu. Miye sikuja kula, mwanangu. Nimekusikia ulivolia. Nimekuja kukutazama."

Akauweka mkate kwenye ngazi, akarudi nyuma, tukatazamana kwa mbali, na mimi nikalia mbele ya Okello, jengo zima liko madirishani.

Kumbe bado. Mama akapiga kutoka Tanga: "Hiyo vocha mbona haijaingia kwenye simu?" (kwetu vocha ni ya kupigia simu, nani atamlaumu), kisha yule mdogo akamnyang'anya.

"Mama, mbona leo umetuita wazazi wapendwa? Umesahau majina yetu?"

Nilikaa chini sakafuni jikoni.

Familia zote zilipata vocha zao, alhamdulillah, na mimi nikabaki na jina la Mama Njooni. Nimeapa sirekodi tena sauti mbili huku napika. Na ile ya nyumbani siku hizi naianza kwa majina, Salma, Idrisa, taratibu, isije ikaenda kwingine. Halafu nayarudia, ingawa hakuna haja, maana humu ndani sina mwingine wa kumwita.