Minazi Isiyokuwa Yangu

Nimekosa. Naliandika neno hilo mwanzo kabisa ili msomaji asijisumbue kunitafutia udhuru. Udhuru ninao mwingi, tena uliopangwa vizuri, na wote ni takataka.

Mimi ni mzee niliyestaafu ualimu. Jina silitaji, wanaonijua watanitambua humu, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu. Maisha yangu yote nimeuchukia uvumi. Darasani, mtoto aliyeniambia "wanasema" nilimsimamisha mbele ya wenzake aeleze ni nani anayesema, alisemea wapi, na kama yeye mwenyewe aliyaona. Nilijivunia tabia hiyo. Laiti ningalijua ingenipeleka wapi!

Mimi na mke wangu tuliishi katika nyumba za walimu, leo skuli hii, kesho ile. Kila tulipohama aliyaacha nyuma maua aliyoyapanda. Hakunung'unika, ila nilimwahidi kwamba siku moja atapanda maua ambayo hapana atakayemwambia ayaache. Nilipostaafu niliitafuta nyumba hiyo, nikaipata Dabaso: nyumba ya mawe, baraza pana, kisima cha maji matamu, na nyuma yake safu ya minazi mirefu. Siku ya kwanza kuiona, mke wangu alishika nguzo ya baraza kama mtu anayeshika mkono wa ndugu yake.

Mwenye kuiuza alikuwa Katana, kijana wa hapo hapo aliyekuwa akihamia bara kwa kazi. Sikununua kama mjinga. Nilikwenda ofisi ya ardhi mimi mwenyewe nikahakikisha kwamba hati ni yake na haina rehani. Nilimleta mpimaji akayafukua mawe ya mipaka, moja moja. Mkewe Katana alitia sahihi kwamba ameridhia. Bodi ya ardhi ilitoa idhini. Wakili wangu alinisifu, akasema angependa wateja wake wote wawe kama mimi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu sifa hizo mara mbili.

Hatujamaliza hata kutundika mapazia, asubuhi moja nikasikia, "Hodi, wenyewe!" Kabla sijaitika, ajuza mmoja amekwisha pita uani, nyuma yake mkwezi na kamba yake begani. Mkwezi akaanza kupanda. Nazi zikaanza kuanguka, pu! pu!

"Nani kawaruhusu?" niliuliza.

"Nazi zangu, mwanangu," alijibu ajuza, hata hakugeuka. "Mie ndiye Hawe Dama, shangazi yake Katana."

"Shamba hili ni langu."

"Ni lako. Nani kakataa? Mchanga wote wako, chota utie mfukoni. Minazi niliipanda mie."

Jirani yangu, Mzee Karisa, alikuwa ameegemea ua wake akichekelea. "Mwalimu, huku kwetu mwenye ardhi ni mbali na mwenye mnazi ni mbali. Aliyepanda ndiye mwenyewe. Kila mtu ajua."

"Kila mtu ni nani? Mimi simjui kila mtu. Mleteni aje atie sahihi."

Walicheka! Walidhani natania. Mke wangu akatoka jikoni na chai, akamkaribisha Hawe Dama barazani, na wale wanawake wawili wakazungumza mpaka jua likapanda. Nilivaa miwani nikakaa ndani nikisoma hati yangu. Hati ilisema ardhi na vyote vilivyo juu yake.

Hawe Dama, yaani Bibi Dama, alikuwa mjane, akiishi ng'ambo ya barabara kwa mpwa wake mwingine. Minazi ile ndiyo iliyomlisha: nazi aliuza, makuti alishona akauza. Niliyajua hayo, kwa kuwa mke wangu alinieleza. Nilimjibu kwamba umaskini wa mtu si haki ya miliki. Sentensi hiyo niliiona nzuri sana.

Mkwezi alipokuja mara ya pili nilimzuia, na Hawe Dama akarudi na Mzee Karisa na wazee wengine wa mtaa. Walivua kofia. Waliniita Mwalimu. Wakaeleza, kila mmoja kwa zamu yake, jinsi walivyomwona akiipanda minazi ile akiwa mke kijana, akiimwagilia kwa mtungi kabla kisima hakijachimbwa. Niliwasikiliza mpaka mwisho kama ninavyomsikiliza mtoto aliyekwisha feli, kisha nikasema:

"Maneno yenu si ushahidi. Ni uvumi. Nileteeni karatasi."

Mzee Karisa alivaa kofia yake polepole. "Sawa, Mwalimu. Tumesikia. Maneno yetu si ushahidi."

Nikamwita fundi wa msumeno wa injini.

Naam, ningeweza kuiacha isimame, tukazozana miaka kumi kwa heshima. Lakini nilitaka ubishi uishe, na niliona kwamba mnazi usiokuwapo hauwezi kuwa na wenyewe wawili. Hii ndiyo mantiki ya msomi!

Hawe Dama aliusikia msumeno akavuka barabara. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mnazi ulio karibu na kisima, akauwekea kiganja.

"Mwalimu, hiyo mingine kata. Huu niachie. Chini yake nilizika kitovu cha mwanangu Safari. Mto Sabaki ulimchukua wakati wa mafuriko, na mwili haukuonekana. Sina kaburi. Nina huu."

Nami nikamwuliza. Nayaandika kama nilivyoyasema, nisije nikajipendelea. Nilimwuliza: "Ushahidi wako uko wapi?"

"Kitovu hakina stakabadhi, mwanangu."

"Basi hakipo."

Fundi alizima mashine. "Mzee, tuanze na ile ya pembeni. Huu uwe wa mwisho, huenda mkapatana."

"Nimekuita ukate au uhukumu? Anza na huo huo."

Mke wangu alimletea ajuza kiti. Alikataa kukaa. "Niache nisimame, mwanangu. Nataka nione." Akasimama palepale juani, leso imemlegea kichwani, akaangalia. Mnazi wa Safari ulipoanguka ardhi iliruka, na vyombo vikalia kabatini. Aliangalia wa pili. Aliangalia mpaka wa mwisho. Kisha akanigeukia akasema, "Haya, Mwalimu. Nimeona." Akaenda zake.

Jioni ile mke wangu hakupika. Alikaa barazani, na nyuma ya nyumba palikuwa na mwanga mwingi usio wa kawaida, mwanga wa mahali palipovuliwa nguo.

"Baba Neema," aliniambia, "kaburi la Neema kule Jilore, ushahidi wake uko wapi?"

Neema alikuwa binti yetu. Alifariki angali mdogo, tukamzika Jilore, kwenye shamba ambalo siku hizi lina mwenyewe mwingine.

"Msalaba wetu ulikuwa wa mbao," akaendelea, "na mchwa wamekwisha ula. Kila nikienda, yule bwana hunifungulia njia nikapalilia. Siku akiniuliza karatasi, nimwonyeshe nini?"

"Hayo ni mambo mawili tofauti," nilisema.

"Naam. Moja lako, moja la mwenzako. Tofauti ni hiyo tu."

Asubuhi alifunga nguo zake kwenye leso, akavuka barabara, akaenda kukaa kwa Hawe Dama. Mke niliyemnunulia nyumba! Yuko huko hadi leo, anashona makuti ya kununua kwa watu, vidole vimemchanika.

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kupita kando. Tangu nianze kuandika nimekuwa nikipazunguka.

Katana aliniambia.

Siku ya kukabidhiwa funguo alitukatia madafu hapo uani. Mke wangu alikuwa ndani akipima madirisha. Mzee Karisa alikuwapo. Katana akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, nyumba na ardhi nimekupa kwa moyo mweupe, na bei nimekushushia, kwa kuwa minazi ya nyuma ni ya shangazi mpaka afe. Tumeelewana?"

Nililiinua dafu langu nikanywa.

Yeye aliona mtu aliyekubali, maana kwetu huku mtu hanywi dafu la mwenziwe akiwa amelikataa neno lake. Mimi nilijua kwamba sikutamka kitu. Mle katika mkataba, neno minazi halikuwamo. Nilinyamaza kwa makusudi, nikanywa kwa makusudi, na lile dafu lilikuwa tamu! Kwa hiyo wazee walipokuja kuniambia habari za minazi, hawakuniletea uvumi. Waliniletea jambo nililolisikia kwa masikio yangu mawili. Mzee Karisa alinitazama usoni siku ile akangoja nilitaje. Sikulitaja. Niliwaita wavumishaji watu waliosema kweli, huku mwongo mmoja tu ndiye aliyekuwa amevaa miwani.

Nilimtumia mke wangu ujumbe arudi. Akajibu kwamba hatalala penye visiki vile. "Uza," alisema. "Ukishauza uje tuzungumze." Hayo ndiyo matumaini yangu yote yaliyobaki: niiuze nyumba, nimpate mke.

Nikaitangaza. Bei nzuri, karatasi safi kama zilivyokuwa. Wanunuzi walikuja, na kila mmoja, kabla ya kunipa jibu, alikwenda kwa majirani, kama ilivyo desturi ya mtu mwenye akili. Nilitarajia watanitukana. Nilikwisha tayarisha majibu ya matusi.

Hawakunitukana! Alikuja mama mmoja muuguzi, mtu wa bara, akaipenda baraza kama mke wangu alivyoipenda. Nilimwona akienda kwenye ua wa Mzee Karisa.

"Shikamoo, mzee. Nataka kununua hapa kwa jirani yako. Pana tatizo lolote?"

"Marahaba, mwanangu. Mie sijui."

"Lakini mmeishi naye."

"Tumeishi naye. Ila maneno yetu sisi si ushahidi. Yeye mwenyewe katufundisha. Muulize, ana karatasi."

Alikwenda nyumba ya pili, akapewa jibu lilo hilo. Nyumba ya tatu vilevile, kwa tabasamu. Akarudi kwangu akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mzee, nyumba ni nzuri. Wangekusema vibaya ningepuuza, majirani husemana. Lakini wamekunyamazia. Mtu aliyenyamaziwa na mtaa mzima mimi namwogopa."

Wote waliofuata waliondoka hivyo hivyo. Shikamoo zangu napewa, zote, hazikupungua. Baada ya shikamoo hapana neno.

Mwishowe nilivuka barabara. Nilimkuta Hawe Dama amekaa mkekani, na mke wangu kando yake anashona, hakuinua kichwa. Niliketi chini, mimi ambaye sikuketi chini kwa mtu. Nikaomba radhi. Nikasema nimekosa, kama nilivyoandika hapo juu. Kisha, kwa kuwa mtu haachi tabia yake hata akiwa magotini, nikaeleza na haja yangu: kwamba mtaa unamsikiliza yeye, na kwamba akikubali kusema na wanunuzi, nyumba itauzika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinisikiliza kama nilivyowasikiliza wazee.

"Nitasema," alijibu. "Kwa nini nisiseme? Mlete mnunuzi wako. Nitamweleza mnazi wa kwanza uliangukia wapi, na wa pili, na wewe ulikuwa umevaa shati gani, na ulimwambia nini fundi. Yote nimeyaona kwa macho yangu, Mwalimu. Si uvumi hayo. Au sivyo ulivyotaka?"

Mke wangu akacheka. Kicheko kifupi, mkono mdomoni, kuti limemdondoka mapajani. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame nyumba za walimu.

Niliinuka nikaenda zangu.

Basi nanyi mnaotaka kununua nyumba huku pwani, sikieni. Fanyeni yote niliyoyafanya: hati, mpimaji, sahihi ya mke wa mtu, idhini ya bodi. Asiwadanganye mtu kwamba hayo hayana maana. Lakini karatasi huwaambia nani anauza. Hazisemi ni nani anayehama, wala ni nani anayebaki. Keti uani na jamaa yote, shangazi na mjane wa nyuma wakiwamo, uulize kila mti nani aliupanda na chini yake pamezikwa nini. Utakaloambiwa, liandike mkatabani, hata kama linakukera. Nawe unayeuza, usitosheke na dafu. Mfanye mnunuzi afungue kinywa.

Ukiambiwa neno nawe ukalisikia ukanyamaza, umekwisha tia sahihi. Hapana mahakama itakayokushika. Utashikwa na watu wanaokupa shikamoo wasiongeze neno.

Nyumba yangu ingali inauzwa. Ukija kuiona, anza kwa majirani. Mimi utanikuta ndani, na karatasi zangu zote.