Maziwa Juu ya Moto

Nilipokuwa mtoto, kule Gendabi, tuliletewa nyumbani sanduku jeupe linalotengeneza baridi kwa moto, na ugomvi ulioanza siku ile haujanitoka masikioni mpaka leo.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake, akamwachia friji la mafuta ya taa. Chini lilikuwa na tangi na utambi kama wa jiko. Ukiwasha huku chini, kule juu kunaganda. Baba alilisawazisha kwa vijiwe nusu siku nzima, maana likiinama kidogo tu linagoma. Kila asubuhi alilala kifudifudi na kioo cha kunyolea, ahakikishe moto ni wa bluu. Mama alimruka akipita na sufuria.

Bibi, mama yake baba, alikuja kulikagua. Alipoitikia shikamoo zetu akainama, akauona moto.

"Hii moto inapika nini?"

"Haipiki, mama. Inaleta baridi."

"Moto inaleta baridi," alirudia, akinitazama mimi kana kwamba nimelitengeneza. "Na mtaweka nini ndani?"

"Maziwa."

"Maziwa haikai juu ya moto. Ng'ombe itakauka. Kiwele inajua."

Hiyo ndiyo imani aliyokulia. Maziwa ni ya ng'ombe hadi yanywewe au yagande kwenye kibuyu, na kabla ya hapo ukiyaweka juu ya moto, umeuweka moto huo chini ya kiwele. Baba akajibu kwamba ndani ni baridi, siyo moto. Bibi akasema moto ameuona kwa macho yake. Basi wakaendelea hivyo wiki nzima, moto, baridi, moto, baridi, watu wazima wawili, nikatamani kuhamia kwa jirani.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Sabuni kwa weupe wake, na ndama wake, Povu, alikuwa wangu. Bibi alinipa siku alipozaliwa, mbele ya watu, na shuleni hapakuwa na mtoto ambaye hakuisikia habari hiyo mara tatu. Povu alinifahamu. Nikipita zizini alinifuata na kunitafuna ukingo wa sketi.

Kabla ya friji, mama alikamua chuchu mbili na kuziacha mbili za ndama. Hakuna aliyeita huo ukarimu. Maziwa mengi yangeharibika tu. Friji lilipokuja, hakuna kilichoharibika tena. Na mimi nilikuwa nimegundua kwamba maziwa yenye sukari, ukiyaweka kwenye kikombe cha bati karibu na kisanduku cha juu kinachogandisha, asubuhi unayakuta barafu. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile. Nilianza kumpelekea mama chombo kikubwa zaidi.

"Mama, bado hakijajaa."

"Na ndama?"

"Ameshiba. Mwangalie."

Mama hakumwangalia. Alikuwa na mtoto mgongoni na ugali jikoni. Akakamua chuchu ya tatu. Baada ya siku chache sikuhitaji hata kuomba, na ya nne nayo ikabaki na matone ya kudanganyia.

Povu akaanza kusimama manyoya. Mbavu zikatokeza. Baba akasema ni minyoo, akamnywesha dawa. Bibi akasema ni moto. Mimi nilimpelekea majani mabichi, akayanusa tu, maana alikuwa bado mdogo wa kunyonya. Asubuhi moja nilimkuta amelala, na sketi yangu hakuitafuna.

Sabuni akazuia maziwa siku ileile. Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa bila kumwona ndama, kila mtu anajua. Baba akachuna ngozi ya Povu, akaijaza mabua ya ngano kutoka shambani, akaisimamisha mbele ya ng'ombe. Sabuni akainusa, akageuza kichwa. Wiki haikuisha akakauka kabisa.

"Niliwaambia," alisema Bibi. "Kiwele inajua."

"Mama, ndani ni baridi!"

"Moto iko chini!"

Wakaanza upya, pale pale zizini, na ile ngozi imesimama katikati yao. Hakuna aliyetaja chuchu ya tatu. Mama alitazama chini. Mimi nilikuwa na kipande cha barafu mdomoni, cha maziwa ya mwisho, nikashindwa kukimeza na kukitema.

Baba alizima utambi jioni hiyo. Bibi, bila aibu yoyote, akaliomba friji liwe kabati lake la mbegu za maharage, na akalisifu mpaka anazikwa kwamba panya hawaliwezi. Mnaona watu nilioishi nao.

Sasa ninakaa Katesh, nina friji la umeme lililojaa viporo ambavyo kila Jumamosi navitupa. Wanangu wananiuliza kwa nini maziwa ya baridi siyanywi, nami nawajibu kwamba bibi yetu aliyakataza. Wanacheka. Jibu hilo ni rahisi, na kwa miaka mingi nilimkasirikia Bibi kwa kuongea habari za moto badala ya kusema wazi kwamba ndama ana njaa, kisha nikamkasirikia baba kwa kubishana naye.

Lakini wao hawakuambiwa habari za chuchu ya tatu. Mimi ndiye niliyeulizwa, "Na ndama?" Povu alikuwa wangu, nikasema ameshiba.