Futa Neno "Kisasi"

Juzi, kwenye ofisi ya kijiji huko Njinjo, mama mmoja alimshtaki jirani yake kwa kumkatia migomba. Chanzo ni mbuzi wa mama huyo, waliokula mihogo ya jirani. Karani akaandika, kisha akamsomea: "Mshtakiwa alilipiza kisasi."

Mama akaweka kidole juu ya karatasi. "Futa, mwanangu. Andika alikasirika. Hasira huisha, lakini kisasi wanangu watakirithi."

Jirani, aliyeketi naye benchi moja, akainamisha kichwa. "Dada, miche ninayo. Kesho nakuja kukupandia."

"Na mimi mbuzi nitawafunga."

Karani akalifuta neno "kisasi". Sisi waandishi tunalipenda neno hilo kwa vichwa vya habari. Hatuulizi nani atabaki nalo nyumbani.