Mgongo Nilioegemea Siku ya Kimya

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na uchovu wa safari ulikuwa umeshanitoka. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakavyoniangalia. Niliondoka Minneapolis theluji ikifagiliwa uwanjani, nikabadilisha ndege Seattle, nikalala vitini Taipei, na nilipotua Bali, Indonesia, shingo ilikuwa imekakamaa kama gogo.

Mutua wa Coon Rapids, Mkenya mwenzangu tunayefanya naye kazi hospitalini, alikuwa amenicheka. "Wewe bwana, wenzako wanachukua likizo waende Machakos, wewe unaenda kutalii miungu ya watu?"

Nilikuwa na sababu. Mimi ni mtoto wa mchongaji wa Wamunyu, kule Machakos. Mkono wa baba ungeutambua ukiwa mbali: mapigo mawili mazito, moja jepesi la kutikisa vibanzi. Ta, ta, ti. Mtalii mmoja aliwahi kumpa kinyago kidogo cha Bali. Baba akakigeuzageuza, akasema, "Aliyechonga hiki hukaa chini kama mimi." Alipofariki, mimi nikiwa kwangu Maplewood, Minnesota, hakubaki hata mmoja kati yetu ndugu anayechonga. Tezo lake, kile kishoka cha kuchongea, nililitundika sebuleni kama picha. Je, mkono ule ulikuwa umezikwa naye? Swali hilo lilininyima usingizi, ndilo lililonipeleka kwa wale wanaokaa chini kama yeye.

Nilipanga chumba kwa Wayan, mchongaji wa kijiji cha Mas. Kila asubuhi mkewe aliweka mlangoni kikapu kidogo cha sadaka, cha majani ya mnazi, chenye maua na ubani, unakiruka, hukikanyagi. Nilifika karibu na Nyepi, siku yao ya kimya. Jioni ya kuamkia siku hiyo vijana walibeba mashetani makubwa ya mianzi na karatasi, ngoma za shaba zikilia hadi masikio yakauma. Kulipokucha, kisiwa kizima kikanyamaza. Hakuna moto, hakuna gari, hakuna kazi, hata uwanja wa ndege umefungwa. Mgeni naye haruhusiwi kutoka nje ya lango.

"Leo hata nyundo imelala," Wayan aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu.

Basi nieleze wewe: alasiri, jua linawaka, kimya kile, nikasikia ta, ta, ti.

Sauti ilitoka kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba, ndani ya ua uleule. Nikaenda. Mzee alikuwa ameketi chini, mgongo kwangu, amebana kipande cha mti kwa nyayo, anachonga.

Kwetu mtoto hufundishwa hili kabla hajashika chombo: usisimame nyuma ya mwenye tezo, likipanda litakupata usoni. Zunguka mbele akuone. Nikazunguka. Niamini, nilipofika mbele niliona mgongo. Nikazunguka tena, polepole, nikipapasa ukuta. Mgongo. Shati la kaki, na begani kiraka alichokishona mama.

"Baba?"

Alipitisha tezo juu ya bega, mpini ukinielekea, kama zamani aliponipa nimnolee. Mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ni lile la ukutani kwangu Maplewood!

Ungefanya nini wewe? Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini mtu asafiri nusu ya dunia halafu akimbie alichokifuata? Nikageuka, nikaketi, mgongo wangu ukagusa wake. Ulikuwa na joto kama ukuta uliopigwa na jua kutwa. Mti ule sasa ulikuwa mbele yangu, uso umechongwa nusu. Nikapiga, tezo likateleza. Nikahisi mgongo ule unatikisika: alikuwa anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti. Nikapiga tena. Ta, ta, ti. Mabega yake yakaenda pamoja na yangu.

Giza lilipoanza kuingia, nyuma yangu kulikuwa na upepo mtupu, na tezo halikuwa tena mkononi. Kinyago kilikuwa miguuni pangu, kimekamilika.

Asubuhi nilimwonyesha Wayan. Yeye hakuwa amesikia chochote. Nilimwambia nusu moja ni yangu, nusu nimeikuta. Akapitisha kidole gumba kutoka shavu hadi shavu, akarudia.

"Hapana," akasema. "Hapa kuna mkono mmoja tu."

Nilijivuna, bwana! Hadi leo najivuna.

Nyumbani Maplewood nililitungua tezo. Lilikuwa na vibanzi vibichi vya mti nisioujua. Nikaanza kuchonga kila nikitoka zamu, jirani wa chini akigonga dari kwa hasira, na kila nikikaa, mgongo ukipata lile joto. Sijawahi kugeuka kutazama.

Siku niliyoihama Minnesota kabisa kurudi Wamunyu kuchonga, Mutua ndiye aliyenipeleka uwanjani. "Na nani atanunua vinyago vyako huko, ni mbuzi?" alinitania. Tukakumbatiana. Akaondoa mkono wake haraka mgongoni mwangu.

"Kaka, una homa? Unachoma!"

Nikamwambia, na wewe nakuambia. "Mutua, mama yako alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Siku ukisikia katani ikivutwa mahali pasipo na mtu, usizunguke kutafuta uso. Geuza mgongo, kaa chini, usuke. Ukikimbia, sidhani kama utaitwa tena."

Mutua, mtu wa kucheka kila kitu, hakucheka.