Gari la Kulala Tuliloachiwa Endasak

Kuna siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo kichwa kinanizunguka, mwanangu, na nimeona nikusimulie kabla hujalifunika gari hilo la watu kwa turubai.

Mkeo ameniambia kwenye simu, tena kwa maringo, kwamba mume na mke kutoka Arusha wameliacha gari lao kwako hapo Katesh mpaka masika yaishe. Gari la kulala, anasema, lina kitanda, jiko na sinki, na ufunguo unao wewe. Nikamwambia hongereni. Nilipokata simu nikavuta kigoda nikakaa. Mimi na magari ya namna hiyo tuna habari yetu, na sijawahi kuisimulia vizuri kwa sababu sehemu nyingine sijaielewa mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Endasak, upande wa juu, pale shamba letu la mahindi lilipoanza kupanda mlima. Mama alikuwa ameshatutoka. Mwaka huo walipita wazungu wawili wazee, mume na mke, wanazunguka nchi na gari lao la kulala. Mume tulimwita Mzee Yohan, mke tukamwita Mama Marta. Mzee Yohan alikuwa amechimba visima nchini kwetu enzi za ujana wake, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, cha kuokoteza lakini kilieleweka. Walilala karibu na shamba letu siku tatu, na kila asubuhi Baba alinituma niwapelekee maziwa. Siku ya nne Mama Marta akaugua. Mumewe akampeleka Haydom, na madaktari wakashauri arudishwe kwao upesi. Mzee Yohan akarudi mbio kumwomba Baba amtunzie gari mpaka mkewe apone. Baba akakubali, wakashikana mikono, ufunguo ukabaki kwetu.

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza. Unajua desturi yetu: mtu mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake mmoja au wawili amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Baba alikuwa nao wawili wa hivyo, wa rafiki yake wa Basotu. Hakujua namna nyingine ya kutunza mali ya mtu, kwa hiyo akalizunguka lile gari, akaligonga ubavuni kwa kiganja, akaniita.

“Paskalina, huyu ni ng'ombe wa watu. Utamtunza wewe.”

“Sawa, Baba. Na maziwa yake ni yapi?”

“Sijui,” akasema. “Tutaona.”

Wiki ile ile akaitwa Basotu. Rafiki yake alikuwa amevunjika mguu na hakuwa na mtu wa kumsaidia mifugo, kwa hiyo Baba akakaa huko karibu masika yote. Nikabaki na wadogo zangu na gari, na lile swali la maziwa likabaki na mimi.

Mwanangu, usinicheke. Niliamua kwamba maziwa ya gari ni ule ukavu wake. Nyumba yetu ilivuja pembeni, gari halikuvuja popote, basi nikaingiza ndani magunia manne ya maharage ya mbegu. Yalikuwa bado hayajakauka sawasawa, lakini nikajiambia yatamalizia humo humo. Nikaosha gari nje mpaka linang'aa. Nikafunga madirisha yote, nikaziba hata kale kadirisha ka juu ya dari kwa kitambaa. Kisha nikanunua nailoni ya mita nyingi hapo Katesh, nikalifunika gari kuanzia juu mpaka chini kwenye majani, nikakaza na kamba za katani. Majirani wakaja kutazama. Walinisifu, na mimi nikavimba kichwa.

Chakula walichoacha kabatini, unga na biskuti na sukari, sikukigusa. Niliona kukigusa ni wizi. Lakini magunia yangu kuyalaza juu ya kitanda chao niliona ni haki. Nikitafuta leo akili yangu ya wakati ule ilikuwa inapitia wapi, siioni.

Mvua ilinyesha, ukungu ukashuka mlimani ukakaa wiki baada ya wiki. Sikufungua hata mara moja. Nilidhani kufungua ndiko kutaingiza maji. Siku moja mdogo wangu akaniambia gari linanuka. Nikamkatalia. Kesho yake nikanusa mwenyewe, nikakata kamba na kufungua mlango.

Dari ilikuwa inadondosha maji. Nilipanda juu nikapapasa bati lote nikitafuta tundu, sikuona. Nikashuka, nikaingia, maji yanadondoka. Nikapanda tena. Sikujua nishike lipi niache lipi. Maharage yalikuwa yameota ndani ya magunia, vichipukizi vyeupe vinachungulia kwenye matundu. Godoro lilikuwa limeshika kuvu jeusi. Panya walikuwa wamepitia tundu la bomba chini ya sinki, wakala biskuti, wakala waya za taa, na wakazaliana ndani ya kikapu kilichokuwa chini ya kitanda.

Katika kikapu kile kulikuwa na sweta. Nililijua palepale. Kila asubuhi nilipowapelekea maziwa nilimkuta Mama Marta ameketi mlangoni pa gari anafuma, uzi wa kijani, na siku ya tatu alinisimamisha akalipima mgongoni kwangu, akacheka, akaonyesha kwa mikono kwamba ni la mumewe, ni mpana kuliko mimi. Sasa panya walikuwa wamelichana wakafanya kiota. Mkono mmoja ulikuwa mzima, mwingine alikuwa hajaufuma. Sindano zake mbili za chuma zilikuwa bado zimechomekwa.

Niliogopa, mwanangu. Nilimwogopa Baba, nikaona aibu ya Mama Marta, nikaona aibu ya majirani walionisifu. Nikakusanya godoro na vitambaa na lile sweta, nikavichoma nyuma ya zizi mpaka vikaisha kabisa. Sindano nikazibakiza kwa sababu zilikuwa chuma kizuri, nikazichomeka ukutani jikoni. Nikasugua gari ndani kwa majivu na maji ya moto, nikaacha milango wazi siku nne, na Baba aliporudi nikamwambia panya waliingia kidogo, godoro likaharibika, nimeshasafisha. Alinitazama kidogo. Alikuwa amechoka, akaenda kulala.

Mzee Yohan alikuja mwezi uliofuata, kabla ya saa nne asubuhi, kwa miguu kutoka barabarani, begi mgongoni. Alikuwa peke yake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Baba akamuuliza Mama Marta yuko wapi.

“Marta tumemzika,” akasema. “Wiki tatu zilizopita.”

Baba akamshika mkono na hakuuachia. Walisimama hivyo mpaka mimi nikaona niondoke, lakini Mzee Yohan akasema anataka kuingia kwenye gari, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Aliingia. Hakuuliza godoro. Aliona waya zilizotafunwa, akapita. Alipiga magoti moja kwa moja kando ya kitanda, akavuta kikapu, akakiona kitupu.

“Binti, sweta liko wapi? La kijani.”

“Halikuwepo, Mzee,” nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, wala sikuwa nimelipanga.

“Lilikuwa humu. Alikuwa analifuma hapa hapa.”

“Kikapu kilikuwa kitupu, Mzee.”

Akakaa sakafuni. Alianza kuongea peke yake, nusu kwa lugha yake na nusu kwa Kiswahili. Labda Marta alilibeba. Hapana, begi alilifunga yeye mwenyewe. Labda ilikuwa safari nyingine, mwaka mwingine. Labda uzi haukuwa kijani. Akanigeukia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe.

“Wewe ndiye ulileta maziwa. Ulimwona anafuma? Ulimwona, sivyo?”

Nikasema, “Sikumbuki, Mzee.”

Nimefanya makosa mengi maishani, mwanangu, na mengi nimeyasamehe. Hili bado linaniuma. Nilimwona yule mzee akiinua mikono yake akaitazama, kama vile hata hiyo haikuwa na uhakika tena, na mimi nikasimama pale na ufunguo wangu.

Baba alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

“Paskalina,” akasema polepole, “zile sindano mbili zilizo ukutani jikoni umezitoa wapi?”

Nikainamia ufunguo mkononi mwangu.

“Ng'ombe wa mtu akifia kwako, unampelekea nini mwenyewe?”

“Ngozi, Baba.”

“Ya nini? Si ameshakufa?”

“Mwenyewe aione. Ajue ni yule yule wake, na kwamba amekufa kweli.”

“Basi kalete ngozi.”

Nilitembea kwenda jikoni na kurudi, hatua thelathini labda, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Nikampa Mzee Yohan sindano zake kwa mikono miwili. Nikamwambia yote, maharage, nailoni, panya, moto nyuma ya zizi. Nilikuwa nalia na nadhani Kiswahili changu kilikuwa kibaya kuliko chake.

Alizipokea. Akauliza jambo moja tu.

“Lilikuwa kijani?”

“Kijani, Mzee. Mkono mmoja ulikuwa bado.”

“Mkono mmoja ulikuwa bado,” akarudia, na akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akamshika Baba bega. “Asante, binti. Asante sana. Nilidhani nimeanza kumsahau.”

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo ya Baba, mkubwa hivyo. Kwa kushukuriwa sikujiandaa. Nilimchomea mtu kitu cha mwisho cha mkewe, naye akanishukuru kama niliyemletea, nikapigwa na butwaa, na sehemu yangu moja bado iko pale mlangoni haijaelewa. Ninachoelewa ni kwamba aliweza kuvumilia sweta kuharibika. Kule kuambiwa halikuwepo ndiko kulikokuwa kunammaliza.

Alikaa kwetu siku tano. Alifunga waya upya na Baba akimshikia taa ya tochi, wakalivuta gari kwa trekta la jirani mpaka likawaka, na muda wote huo alinifundisha bila hasira nilichotakiwa kufanya. Maji yaliyodondoka darini, alisema, hayakutoka mbinguni. Yalitoka kwenye maharage mabichi na unyevu niliofungia humo, yakakosa pa kutokea. Nilishangaa sana. Nilikuwa nimefunga gari vizuri mno.

Basi sikia, mwanangu, na mkeo umwite asikie. Gari hilo usilifunge nailoni. Tafuta turubai linalopitisha hewa, au bora zaidi lijengee paa la mabati na uache pembeni wazi. Usiliweke kwenye majani, litazama. Tandika kokoto au mbao chini ya matairi, na matairi yenyewe uyakinge na jua. Maji ya tangi yamwage yote. Chakula kilichobaki kabatini kitoe siku ya kwanza, tena uwapigie simu wenyewe uwaambie unakitoa, wala usione ni wizi kama nilivyoona mimi. Ziba matundu ya bomba kwa waya mzito, panya wa Katesh hawana tofauti na wa Endasak. Betri ichomoe waya wa nguzo moja kama huwashi gari, na kama wamekuruhusu kuliwasha, liwashe kila baada ya wiki mbili. Siku ya jua fungua milango, lipumue. Na maziwa yake usiyatafute. Kama wenyewe hawakukuambia ni yapi, hakuna.

Halafu jambo kubwa. Hata ukifanya yote hayo, kitu kinaweza kuharibika, maana wewe si Mungu. Kikiharibika usikichome, usikifukie. Kiweke hivyo hivyo na uchafu wake, na mwenyewe akija mwonyeshe kabla hajauliza. Akikasirika, mwache akasirike. Usimtazame mtu machoni ukamwambia kitu chake hakikuwepo ili wewe ubaki msafi, kwa sababu hujui amekuja kukitafutia nini.

Mungu akutunzie nyumba yako, mwanangu, akupe mkono mwangalifu na ulimi usiokimbia. Na hao waliokuachia gari, awalinde huko walikokwenda, wakirudi kulichukua warudi wote wawili.