Kila Mtu Achukue Chake

Tangu mwenye saluni afariki, mjomba wangu kinyozi alikosa raha. Alifagia pasipo na nywele, akachungulia mlangoni, akarudi, akafagia tena. Mimi nilikuwa namfulia mataulo, na alinichosha roho. Kisa chote kilikuwa kiti cha kunyolea. Binti wa marehemu alikuwa anauza vyombo vya saluni, na mjomba aliapa kwamba kile kiti hakitoki.

"Kiti changu hicho!" alifoka kila nilipomwambia atulie.

Ni kweli marehemu ndiye aliyekinunua. Lakini mjomba ndiye aliyekivisha ngozi mpya, akakitia sponji, akakifungia mto wa kichwa na pa kuegemezea mikono. Kikilia kidogo tu, anakikimbilia na mafuta.

Binti alifika asubuhi na wachukuzi, akamkuta dereva mstaafu kitini, kanyolewa upande mmoja.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua kiti changu, mnunuzi yuko njiani."

"Kiti chako?" dereva akadakia. "Hiki changu mimi, nakikalia kila Jumamosi. Na sinyanyuki! Nusu kichwa nitakipeleka wapi?"

Wachukuzi wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona kila mmoja ana haki yake, na hilo ndilo lililoniudhi.

"Mzee, baba alikinunua," binti akamwambia mjomba kwa upole. "Ila ulivyoweka wewe ni vyako. Sikatai."

Mjomba akapandwa na hasira. "Haya! Kila mtu achukue chake!" Akamwinua dereva, akashika bisibisi.

"Mjomba, basi jamani!" nilimsihi. Hakunisikia hata kidogo. Aling'oa mto, akachana ngozi, akavuta sponji kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Kikabaki chuma kitupu.

Mnunuzi alipofika akakitazama kile chuma, akageuza njia. Binti akaanza kulia. Dereva, kitambaa bado shingoni, akauliza, "Sasa mimi nikae wapi?" Alimaliziwa kichwa akiwa amesimama, na mjomba akamkata nyuma ya sikio.

Jioni mjomba aliingia nyumbani na furushi begani.

"Umebeba nini, baba?" mkewe akamuuliza.

"Kiti changu," akasema, akalitua sakafuni, akaanza kulifungua ili amwonyeshe.

Nilitoka nje haraka. Sikutaka anione nikilia.