Viatu vya Dereva

Mvua ikinyesha, dereva wa gari letu la wagonjwa huvua viatu kabla ya mteremko, akavisukuma chini ya kiti. Anasema unyayo mtupu ndio unaosikia udongo ukilegea. Usukani haubani, anaushika kama aliyebeba kifaranga. Masika ya 2014, tukimtoa mama mwenye uchungu wa uzazi kijijini Titye kumpeleka Kasulu, gari liliteleza kuelekea korongoni.

“Kanyaga breki!” nikapiga kelele.

“Tulia, sista,” alisema taratibu. Akainua mguu, akauelekeza usukani kulekule gari lilikokuwa likikimbilia, mpaka matairi yakashika njia tena. Hospitalini, mama alipokwisha kupokelewa, nilimkuta dereva ameinama mlangoni mwa gari, vidole vinamtetemeka, kamba za viatu zimemshinda. Nilichuchumaa, nikamfungia.